Kabla ya Sindano ya Testosteroni, Mpimeni Kwanza Aliyeacha Heroini

Mwezi Februari 2025, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitaka maandishi yanayoambatana na dawa zote za testosteroni, homoni ya kiume, yabadilishwe. Maneno makali yaliyoonya kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi yaliondolewa, onyo kuhusu kupanda kwa shinikizo la damu likaongezwa, na kauli kwamba dawa hizi hazikuidhinishwa kwa mwanamume ambaye homoni yake imeshuka kwa sababu ya umri tu ikaachwa palepale ilipokuwa. Habari hiyo ilisambaa ikiwa nusu. Walichosikia wengi ni kwamba testosteroni sasa ni salama, na wauzaji wa dawa za nguvu za kiume hawakukosa la kusema. Miongoni mwa waliotega sikio kuliko wote ni wanaume walioacha heroini au vidonge vya maumivu, wanaoamka kila asubuhi wakiwa wamechoka, hawana hamu ya mke wala ya kazi, na ambao hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza kwa nini.

Hoja yangu ni hii. Upungufu wa testosteroni kwa mtu anayejinasua na uraibu wa dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na mofini, ni jambo la kweli, chanzo chake kinajulikana, na unapaswa kupimwa kama sehemu ya kawaida ya matibabu. Lakini habari ya Februari 2025 haimhusu kama anavyodhani. Utafiti ulioizaa haukumchunguza mtu wa aina yake, na kwake sindano ya testosteroni iko mwishoni mwa safari yenye hatua kadhaa, safari ambayo kliniki nyingi hazijaianza hata hatua ya kwanza, yaani kumuuliza.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwili hutengeneza vitu vinavyofanana na afyuni, vinaitwa endofini, na moja ya kazi zake ni kushika breki kwenye mnyororo wa homoni za uzazi. Mnyororo huo huanzia ndani ya ubongo, kwenye hipothalamasi, ambayo hutoa homoni yake kwa mapigo, kidogo kidogo kila baada ya muda, kama mtu anayebisha hodi. Kila hodi inapogongwa, tezi ya pituitari iliyo chini yake humwaga homoni mbili kwenye damu, na hizo ndizo zinazoziamuru korodani zitengeneze testosteroni na mbegu, au ovari za mwanamke zipevushe yai. Heroini, mofini, oksikodoni, fentanili na methadoni zote hukanyaga breki ileile ya endofini, ila kwa mguu mzito zaidi. Hodi zinapungua, pituitari inanyamaza, na korodani zisizo na ugonjwa wowote zinabaki zikisubiri amri isiyofika. Testosteroni huanza kushuka saa chache tu baada ya dozi.

Nasisitiza kwamba korodani hazina ugonjwa kwa sababu jambo hilo ndilo linaloamua matibabu. Mtu ambaye korodani zake zimeharibika kwa ajali au kwa ugonjwa hana njia nyingine ila kuletewa homoni kutoka nje, pengine maisha yake yote. Huyu wetu kiwanda chake kizima. Kilichokatika ni mawasiliano. Ndiyo maana wengi wanaoacha kabisa dawa za jamii ya afyuni huona homoni zao zikipanda zenyewe ndani ya majuma au miezi. Akipewa sindano katika kipindi hicho, mnyororo uliokuwa ukijifufua unazimwa upya, maana ubongo ukiona testosteroni tele kwenye damu hauna sababu ya kubisha hodi.

Hakuna jipya katika haya. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha mwaka 1965 matokeo ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni huko New York, na matibabu hayo yakaenea duniani. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1975, Theodore Cicero na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliokuwa wakinywa methadoni walikuwa na testosteroni ya chini kuliko hata wale waliokuwa bado wanatumia heroini. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani waliwalinganisha wanaume wa methadoni na wa buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, wakakuta wale wa buprenofini wana testosteroni nyingi zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2016 FDA ikataka dawa zote za jamii ya afyuni ziandikwe onyo kwamba matumizi ya muda mrefu yanaweza kushusha homoni za uzazi. Nusu karne ya ushahidi, na bado mgonjwa anaambiwa ni mawazo yake.

Hilo la mwaka 1975 linastahili kutulia nalo kidogo, kwa sababu linawashangaza watu. Iweje dawa ya kutibu iiumize homoni kuliko sumu yenyewe? Jibu liko kwenye saa. Heroini huisha mwilini upesi. Mraibu hupanda na kushuka, na kila anaposhuka hipothalamasi hupata mwanya wa kubisha hodi mbili tatu. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Uimara huo ndio unaomwepusha mtu na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ndio unaomwezesha kulala usiku na kwenda kazini asubuhi, na uimara huohuo ndio unaoiacha breki imekanyagwa usiku na mchana. Buprenofini nayo hukaa mwilini muda mrefu, lakini haikanyagi breki hadi chini. Mtu akielewa jambo hili haoni tena kwamba methadoni imemsaliti. Anaona dawa iliyomwokoa ikiwa na gharama, na gharama inayojulikana inaweza kufanyiwa mpango.

Nina kaka yangu ambaye yuko kwenye methadoni mwaka wa tatu sasa. Nitamtaja mara moja hapa na mara moja mwishoni, basi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na nilipopita tena baada ya nusu saa soksi ile ilikuwa bado mkononi. Zamani alikuwa akinyoa ndevu kila siku. Sasa wembe ulikaa wiki nzima haujaguswa, kwa sababu hapakuwa na cha kunyoa. Alipomweleza mhudumu wa dirishani, pale kliniki anaponywea methadoni, kwamba hana nguvu na kwamba mambo ya ndani na mkewe yamekufa, alijibiwa: “Kaka, mshukuru Mungu. Wenzako wako kaburini.” Hakulitaja tena jambo hilo kliniki kwa zaidi ya mwaka mzima. Akaanza kulizungumza na watu wengine, na mmoja wao alikuwa na chupa za kuuza.

Sasa turudi kwenye utafiti uliozaa kelele zote. Jaribio linaloitwa TRAVERSE, lililochapishwa mwaka 2023, liliwachukua wanaume zaidi ya 5,200 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au vihatarishi vyake, na testosteroni iliyo chini ya nanogramu 300 kwa desilita. Nusu walipaka jeli ya testosteroni, nusu jeli tupu. Kifo cha moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi viliwapata asilimia 7.0 ya waliopata dawa na asilimia 7.3 ya waliopata jeli tupu. Ni habari njema na ya kweli, na wale waliokuwa wakiwatisha wagonjwa kwamba kila anayepaka jeli ataanguka kwa moyo walipaswa kunyamaza. Lakini jaribio hilohilo lilikuta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mabonge ya damu kwenye mapafu na madhara ya ghafla ya figo vikiwa vingi zaidi kwa waliopata dawa. Mwaka 2024 likatoka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: waliopata testosteroni walivunjika mifupa zaidi, takriban asilimia 3.5 dhidi ya 2.5, ilhali watu walikuwa wakiamini homoni hiyo inaimarisha mifupa. Na zaidi ya asilimia 60 ya washiriki, wa pande zote mbili, waliacha kupaka jeli kabla ya mwisho.

Wastani wa umri wa wanaume hao ulikuwa miaka 63. Sasa mweke karibu yao mwanamume wa miaka 31 aliyetoka kwenye heroini miezi minane iliyopita. Anataka mtoto. Huenda ana homa ya ini aina ya C aliyoipata kwa sindano za kuchangia. Anakoroma usiku na pumzi hukatika katika usingizi, jambo ambalo methadoni inaweza kulichochea na testosteroni ikalizidisha. Mkono wake unaijua sindano kuliko unavyopaswa kuijua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho TRAVERSE ilikusudia kukijibu. Kumpa huyu matokeo ya wazee wa miaka 63 kama ruhusa ni kumvalisha nguo aliyopimiwa mtu mwingine.

Upande unaotetea testosteroni una hoja nzito, na sipendi kuipunguza uzito. Mwaka 2015 Shehzad Basaria na wenzake wa Boston walichapisha jaribio la wiki 14 kwa wanaume waliotumia dawa za jamii ya afyuni kwa maumivu sugu na ambao testosteroni yao ilikuwa imeshuka. Waliopata jeli yenye dawa walistahimili vizuri zaidi maumivu ya majaribio, hamu yao ya tendo la ndoa ilirudi kwa kiasi, na uwiano wa misuli na mafuta mwilini ukawa bora. Hilo la maumivu lina maana kubwa kwa waraibu, kwa sababu afyuni ikitumiwa muda mrefu huufanya mwili uhisi maumivu zaidi, na maumivu ni mlango mmoja wa kurudia. Kisha mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya maveterani wa Marekani zaidi ya 21,000 waliokuwa na testosteroni ya chini huku wakitumia dawa za jamii ya afyuni kwa muda mrefu. Waliopewa testosteroni walikufa wachache kuliko wasiopewa. Ukisoma hayo mawili peke yake unaweza kutoka mbio kuitafuta sindano.

Lakini tazama ni nani waliochunguzwa. Jaribio la 2015 ni la wagonjwa wa maumivu, watu wanaoandikiwa dawa na daktari. Halikuuliza kama testosteroni humzuia mraibu asirudie. Matokeo ya maveterani yalitoka kwenye kumbukumbu za hospitali, si kwenye kura ya nani apewe na nani asipewe. Daktari humpa testosteroni mgonjwa ambaye anahudhuria, anapimwa, anafuata masharti, na mtu wa namna hiyo huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi hata ungempa maji. Kwa hiyo ninachokubali ni kwamba dawa hii, kwa mwenye upungufu uliothibitika, inaweza kurudisha hamu, misuli na uvumilivu wa maumivu. Anayesema inatibu uraibu ameongeza chumvi.

Upande wa pili una hoja yake pia: kwamba kumpa mraibu testosteroni ni kumhamisha kutoka kilevi kimoja kwenda kingine. Wanaosema hivyo hawabuni. Testosteroni imewekwa na sheria ya Marekani kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa tangu mwaka 1990, kwa sababu ya wanaojidunga dozi kubwa mno kujaza misuli, na baadhi yao hunasa kabisa, wakiacha huzama kwenye huzuni nzito. Maabara ya mtafiti Ruth Wood ilionyesha kwamba wanyama wadogo aina ya hamsta hujipa testosteroni wenyewe wakiwekewa nafasi, na kwamba naltreksoni, dawa ileile inayozuia afyuni isifanye kazi, hupunguza tabia hiyo. Maana yake ni kwamba testosteroni nyingi kupita kiasi hugusa njia zilezile za ubongo. Neno la kushika hapo ni kupita kiasi. Kumrudisha mtu kutoka nanogramu 150 hadi kiwango cha mwanamume wa kawaida ni jambo tofauti na kumpandisha mara kumi ya kawaida. Hoja hii inatufundisha jinsi ya kutoa dawa, kwa uangalizi na kwa kipimo. Haitoshi kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa.

Ila inanipa sababu ya kusimama kwenye suala la sindano yenyewe. Testosteroni ya sindano, ile ya kila wiki moja au mbili, hupanda juu siku za mwanzo na kushuka kabla ya dozi inayofuata. Mwanamume wa kawaida huihisi kama uchangamfu unaofuatiwa na uchovu. Mtu aliyetumia miaka akisikiliza mwili wake ukipanda na kushuka, na akijua kinachoponya mshuko huo, anaisikia kwa namna nyingine kabisa. Ongeza kichupa, bomba la sindano na pamba yenye spiriti juu ya meza ya chumbani kwake. Jeli ya kila siku haina mawimbi hayo, ingawa nayo ina sharti lake: ngozi iliyopakwa isiguse mtoto wala mwanamke kabla haijafunikwa au kuoshwa. Mwaka 2009 FDA iliagiza onyo kali baada ya watoto kuonyesha dalili za balehe kwa kugusana na wazazi waliojipaka. Kama ni lazima sindano, basi idungwe kliniki na isitunzwe nyumbani.

Ipo hoja ya tatu, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayoua. Inasema: kama methadoni ndiyo inayokushusha nguvu, acha methadoni. Hutolewa na wazee wenye nia njema, na marafiki, wakati mwingine na mke aliyechoka kusubiri. Ukiichunguza kijuujuu ina mantiki, kwa sababu ni kweli homoni zitapanda. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2017, uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta kwamba kati ya kila watu 1,000 kwa mwaka, waliokuwa ndani ya matibabu ya methadoni walikufa 11.3, na waliotoka nje ya matibabu walikufa 36.1. Kwa buprenofini ilikuwa 4.3 dhidi ya 9.5. Majuma manne ya kwanza baada ya kutoka yana hatari ya pekee, kwa kuwa mwili umepoteza ustahimilivu wake, na dozi aliyoizoea zamani sasa inamzimisha pumzi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anayemshauri mtu aache methadoni ili apate nguvu za kiume anamwomba abadilishe upungufu unaotibika kwa hatari iliyo mara tatu ya kifo.

Hapa ndipo ninapoona kosa la yule mhudumu wa dirishani lilivyo zito, hata kama alisema kwa upendo. Mgonjwa aliyenyamazishwa haachi kuchoka. Huanza kujitibu: hupunguza methadoni kimyakimya, hununua vichupa visivyojulikana vimetoka wapi, au hurudi kwenye heroini ambayo, kama tulivyoona, angalau ilimwachia mianya. Kumwambia ashukuru kwamba yu hai ni kumwambia kwamba uhai ndio kiwango cha juu kabisa anachoruhusiwa kutamani. Hatumwambii hivyo mgonjwa wa kisukari wala wa presha. Mwenye presha akilalamika kwamba kidonge kinamuua kitandani, daktari hubadilisha kidonge.

Basi nini kifanyike? Kwanza aulizwe, kwa faragha, si dirishani mbele ya foleni: hamu ikoje, asubuhi mwili unaamka au hauamki, ndevu, usingizi, huzuni, mifupa. Halafu apimwe. Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani unataka damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula, na kipimo kirudiwe siku nyingine, kwa sababu testosteroni hupanda na kushuka ndani ya siku moja na kipimo kimoja hudanganya. Mwongozo huo hutumia kikomo cha nanogramu 264 kwa desilita. Chama cha wataalamu wa njia ya mkojo hutumia 300. Kwa waraibu kuna mtego mwingine ambao daktari asiyewazoea anaweza kuuruka. Homa ya ini aina ya C na virusi vya UKIMWI huongeza protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Basi jumla ya testosteroni inaweza kusomeka kawaida wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, ni kidogo. Aliye na dalili zote na kipimo kizuri asirudishwe nyumbani kabla hiyo iliyo huru haijaangaliwa.

Pamoja na testosteroni zipimwe homoni za pituitari, maana zikiwa chini zinathibitisha kwamba tatizo liko juu, na zikiwa juu tunamtafuta mhalifu mwingine. Daktari asiifanye afyuni kuwa jibu la kila kitu: pombe hushusha testosteroni, unene hushusha, kukatika kwa pumzi usingizini hushusha, uvimbe wa pituitari hushusha. Wakati mwingine uchovu si wa homoni za uzazi hata kidogo, bali tezi zilizo juu ya figo zimezimwa na afyuni hiyohiyo, na hilo ni jambo la hatari linalotaka tiba tofauti kabisa. Wengine wana sonona. Hao ukiwapa testosteroni umewapa kitu cha kusubiri, na sonona inaendelea kuwala.

Kisha iangaliwe dawa yenyewe ya uraibu. Kwa baadhi ya wagonjwa kuhamia buprenofini kunawezekana na kunatosha kuipandisha testosteroni. Kwa wengine buprenofini haikuwashika, walirudia, na methadoni ndiyo iliyowasimamisha, hao wasisukumwe. Na dozi ya methadoni isishushwe chini ya ile inayomzuia mtu kutamani heroini kwa ajili ya namba kwenye karatasi ya maabara. Uamuzi huu ni mgumu kuliko wa sindano, unachukua miezi, na ndiyo sababu nashuku unarukwa. Sindano hutolewa kwa dakika mbili na kila mtu huhisi kwamba kitu kimefanyika.

Ikibidi testosteroni, suala la mtoto lije mbele ya mengine yote. Shirika la Afya Duniani liliijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo ya mwaka 1990 yalionyesha kwamba inafanya kazi: mbegu hupotea. Hurudi baada ya kuacha, kwa miezi kadhaa, kwa wengine zaidi. Ni wanaume wangapi wanaotoka kwenye uraibu wakiwa na ndoto ya kwanza ya kuwa na familia, na ni wangapi kati yao wanaambiwa jambo hili kabla ya dozi ya kwanza? Kwa anayetaka mtoto zipo dawa kama klomifeni, na homoni ya hCG, zinazoziamsha korodani badala ya kuzistaafisha, chini ya mtaalamu. Kwa asiyetaka, damu ipimwe uzito wake mwanzoni, kisha baada ya miezi mitatu hadi sita. Chembe nyekundu zikizidi asilimia 54 ya damu, dawa isimamishwe. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita iliyopita asianzishiwe. Mwenye saratani ya tezi dume vilevile.

Nimewazungumzia wanaume kwa sababu testosteroni ndiyo iliyoleta mjadala, lakini breki ile haichagui. Wanawake wengi wanaotumia heroini hukosa hedhi kwa miezi au miaka, na huamini wamekuwa tasa. Wanapoanza matibabu na mwili kutulia, yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, na mimba hushika kabla mtu hajajua kwamba inawezekana. Mazungumzo ya uzazi wa mpango yalipaswa kufanyika siku ileile ya kuanza dawa, pamoja na mazungumzo ya mifupa, maana miaka bila estrojeni, homoni ya kike, huidhoofisha. Testosteroni haiwahusu kwa jambo hili. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliikubali kwa wanawake kwa sababu moja tu, kukosa hamu ya tendo la ndoa baada ya kukoma hedhi. Nasikitika kwamba kelele za mwaka 2025 hazikuwa na hata sentensi moja kuhusu wanawake hawa.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi hatua ya kwanza ilivyo karibu. Kipimo cha testosteroni kinataka damu ya asubuhi, kabla ya mtu kula. Mgonjwa wa methadoni, hasa wa miaka ya mwanzo, hufika kliniki kila asubuhi na kusimama dirishani, jina lake likiitwa, dawa ikimiminwa, akiinywa mbele ya mhudumu. Saa inayotakiwa na maabara ndiyo saa aliyopo hapo. Hakuna mgonjwa mwingine duniani ambaye ni rahisi kumpata hivyo, siku mbili tofauti, muda unaofaa, bila kumwita.

Kaka yangu hatimaye alipimwa, kwa daktari mwingine, baada ya mkewe kuuliza. Kipimo cha kwanza kilikuwa chini sana na homoni za pituitari zilikuwa chini pia. Daktari alimuuliza kama wanataka mtoto wa pili, wote wawili wakajibu kwa pamoja kabla hajamaliza swali, na daftari likafungwa kwenye ukurasa wa testosteroni likafunguliwa kwenye mwingine. Kile kichupa alichokuwa ameuziwa alikitoa mfukoni akakiweka juu ya meza ya daktari, bado hakijafunguliwa. Alhamisi anarudi kwa kipimo cha pili, saa mbili asubuhi, tumbo tupu.